NENO "MASKINI": ASILI YAKE, MAANA ZAKE, NA WAJIBU WETU

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, hapa Mtabila, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika)



Sisi wa Kamati ya Elimu tuliombwa tuseme machache katika sikukuu hii. Hesabu za kilo na shilingi mtazisikia kwa Bwana Mhazini, naye ndiye mwenyewe. Sisi tumechagua kusema juu ya neno moja tu. Huenda mtu akauliza, neno lina faida gani kwa mkulima? Twajibu kwamba mkulima huitwa kwa neno hili tangu kuzaliwa kwake hata kufa kwake, na yafaa mtu ajue maana ya jina analoitwa. Neno lenyewe ni "maskini".

Mwaka 1961, nchi yetu ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Ujinga twaujua, na dawa yake ni shule. Maradhi twayajua, na dawa yake ni zahanati na maji safi. Lakini huyu wa tatu amekuwa mgumu kumtambua, maana kila mtu humwonyesha kwa kidole mahali pengine. Huyu husema yumo katika udongo, yule husema yumo katika uvivu, na mwingine husema ni majaliwa. Basi twende tukaulize maneno yenyewe, kwa kuwa maneno ni kama wazee: yameona mengi.

Neno "maskini" tumelipokea kutoka kwa Waarabu. Katika Kurani, sura ya Tauba, aya ya 60, wanatajwa watu wa aina nane wanaostahili kupewa zaka, na wawili wa kwanza ni mafukara na maskini. Wataalamu wa Kiarabu wa zamani walieleza kwamba "maskini" hutokana na shina lenye maana ya kutulia, yaani mtu ambaye uhitaji umemkalisha, hawezi tena kutikisika. Na "fukara" wakaliunganisha na pingili za uti wa mgongo, kana kwamba ni mtu aliyevunjika mgongo. Kila aliyewahi kupalilia shamba la mahindi peke yake, kutoka asubuhi hata jua kuchwa, hatahitaji kufafanuliwa picha hiyo.

Lakini wachunguzi wa lugha wa siku hizi wamelifuata neno hili mbali zaidi ya Uarabuni. Waarabu nao walilipokea kwa majirani zao, na mwanzo wake umeonekana Babeli, katika nchi iitwayo leo Iraki. Huko, yapata mwaka 1750 kabla ya kuzaliwa Kristo, mfalme Hammurabi aliandika sheria zake juu ya nguzo ya jiwe jeusi. Nguzo hiyo ilichimbuliwa katika nchi ya Uajemi mwaka 1901 na 1902, nayo imehifadhiwa katika jumba la Louvre, mjini Paris. Ndani ya sheria zile wametajwa watu wa daraja tatu: muungwana, mushkenu, na mtumwa. Mushkenu huyu ndiye babu wa maskini wetu. Na jina lake lilitoka katika kitenzi chenye maana ya kuinama mpaka chini mbele ya mkubwa.

Tazameni jinsi alivyohesabiwa. Mganga akimpasua muungwana na kumponya alilipwa shekeli 10 za fedha; akimponya mushkenu, shekeli 5; akimponya mtumwa, shekeli 2. Hapo twaweza kusema kwamba sheria ilimhurumia mwenye kipato kidogo. Lakini geuzeni upande wa pili. Mtu akimtoboa muungwana mwenzake jicho, naye alitobolewa lake. Akimtoboa mushkenu, alilipa fedha tu, mambo yakaisha. Basi nafuu ya bei na upungufu wa thamani vilikwenda pamoja. Aliyepunguziwa malipo ndiye aliyepunguziwa jicho.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Kinyume cha maskini, sisi husema "tajiri". Neno hili nalo ni la Kiarabu, na huko maana yake ya asili si mwenye mali, bali mfanyabiashara. Nalo pia limefuatwa nyuma hata Babeli, kwenye neno "tamkaru", yaani mchuuzi na mkopeshaji. Kwa hiyo maskini na tajiri walikuwa wamekwisha kuonana katika nguzo ile ile ya jiwe, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita. Na walionana katika jambo gani? Katika jambo la mkopo, mavuno na mizani.

Sheria ilisema mkopeshaji asizidishe riba ya theluthi moja kwa nafaka, wala ya sehemu moja katika tano kwa fedha. Ilisema kwamba mkulima mwenye deni, ikiwa shamba lake limeharibiwa na gharika au nafaka haikuota kwa kukosa maji, mwaka huo hatalipa nafaka kwa mdai wake, wala riba ya mwaka huo hatatoa. Tena ilisema kwamba mkopeshaji akitoa kwa kipimo kidogo na kupokea kwa kipimo kikubwa, amepoteza vyote alivyokopesha.

Bwana Mwenyekiti, twaomba wanachama waitafakari sheria hiyo ya mwisho. Ni nani hapa asiyelijua debe lililogongwa kitako likatanuka? Ni nani asiyeijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, likanunuliwa kwa bei ya gunia moja? Wenzetu wa Kagera wana neno "butura", yaani kahawa kuuzwa ingali maua mtini, kwa sababu ya njaa au ada ya mtoto. Mambo haya hayakuanza Kasulu wala Kibondo. Ni ya kale kama neno lenyewe.

Sasa twende kwa Waingereza. Wao husema "poor", neno walilolipata kwa Wafaransa baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, "pauper". Wataalamu hulifasiri neno hilo la Kilatini kuwa ni maneno mawili yaliyoungana: chache, na kuzaa. Yaani azaaye kidogo. Hilo ni neno la shambani! Ni shamba lisilotoa, ni ng'ombe asiyekuwa na maziwa. Kwa Mbabeli, maskini alikuwa mtu aliyeinamishwa na mkubwa. Kwa Mrumi alikuwa mtu ambaye ardhi yake imemzalia haba. Mambo hayo mawili si mamoja. La pili huponywa kwa mbolea na mbegu. La kwanza haliponywi kwa mbolea.

Na sisi wenyewe? Kiswahili cha kale kina neno "mkiwa". Mkiwa ni mhitaji, lakini kwanza ni mtu aliyebaki peke yake, hana jamaa wa kumtazama. Na mahali palipohamwa pakawa patupu huitwa ukiwa. Katika Kinyanja cha Malawi nako, neno la umaskini hubeba ndani yake maana ya kukosa jamaa. Kirundi, lugha iliyo dada ya Kiha chetu, husema "ubukene", kutokana na kitenzi cha kukosa au kuhitaji. Wazee wetu hawakumpima mtu kwa fedha, maana fedha haikuwapo. Walimpima kwa ng'ombe na kwa watu. Aliyekuwa na jembe na ndugu wa kumsaidia kulima hakuitwa maskini, hata kama nguo yake ilikuwa moja.

Tukumbuke basi jinsi umaskini wa namna mpya ulivyoingia katika miinuko hii. Ulikuja pamoja na kodi. Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, Waingereza wakaendelea, na kodi ilidaiwa kwa fedha. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini mazao ya kuuza yalikuwa machache, na wenye kutawala waliiona Buha kuwa ni ghala la vibarua. Wanaume walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kama SILABU. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Na kazi yake ilihesabiwa katika kipande chenye siku thelathini. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi. Huku nyumbani shamba lililimwa na mama na watoto, likatoa kidogo, na kesho yake mtu akasema: watazameni Waha, ni maskini, ardhi yao haifai!

Ardhi ilikuwa inafaa. Ni hiyo hiyo inayotoa maharagwe, mahindi, muhogo, tumbaku na kahawa tunayoipima leo. Kilichokosekana ni mikono, njia, soko, na mtu wa kusema kwa niaba yetu mbele ya mwenye mizani.

Na hapa Mtabila pana somo jingine, ambalo hatuwezi kulipita kimya. Katika miaka ya 1990 majirani zetu wa Burundi walikimbilia hapa, na kambi ya Mtabila ikadumu mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Walikuwamo walimu, maseremala, na wakulima waliotuzidi kwa ujuzi wa migomba. Siku moja waliamka wakiwa na mashamba na jamaa. Siku ya pili walisimama katika mstari wakisubiri unga. Hawakuwa wavivu usiku ule mmoja. Walikuwa wakiwa, kwa maana ile ya kale. Walioliona jambo hilo kwa macho yao hawawezi tena kusema kwamba umaskini ni tabia ya mtu.

Ndugu wanachama, neno "maskini" lilisafiri pia kwenda Ulaya. Wareno na Wahispania walilipata kwa Waarabu waliowatawala, Wataliano wakalipata, na Wafaransa wakalichukua kwa Wataliano. Lakini huko lilibadilika. Katika Kifaransa leo, "mesquin" si mhitaji, bali ni mtu duni, mwenye roho ndogo na uchoyo. Hivi ndivyo dharau ifanyavyo kazi. Kwanza mtu huitwa mhitaji. Baada ya muda huitwa mdogo. Mwishowe udogo wake huhesabiwa kuwa ni kosa lake. Kiswahili hakijafika huko. Sisi bado husema "Maskini!" kwa huruma, tukisikia mtu amefiwa au ameungua nyumba, hata awe tajiri. Hata hivyo tunayo methali isemayo: Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Dharau imekwisha kubisha hodi.

Tena imebisha hodi katika chama hiki. Siku kama hii watu hupenda kusema mazuri tu, lakini kijitabu hiki kitasomwa na watoto wetu, nasi hatutaki wasome uongo.

Katika msimu wetu wa kwanza, kwenye ghala la chama kimoja cha msingi, alikuja mama mjane amejitwika maharagwe, madebe mawili. Alikuwa mwanachama, amelipa kiingilio na hisa yake. Wengine wetu tulikuwapo. Karani alikuwa akipima magunia, naye akamwambia, "Mama, mzani huu ni wa magunia. Haya ya kimaskini kayauze njiani." Watu walicheka. Twasikitika kusema kwamba sisi nasi tulicheka. Mama hakujibu. Alijitwisha tena mzigo wake, akaenda kwa mlanguzi aliyekuwa barabarani na debe lake lililotanuka, na madebe yake mawili yakawa moja na nusu. Msimu wa pili hakuja. Wala hawakuja jirani zake wanne. Tulipokwenda kuwauliza, mmoja alisema: "Kule kwenu ni kwa wenye magunia."

Neno hilo lilituuma kuliko hasara yoyote iliyoandikwa katika vitabu vyetu. Maana chama cha ushirika kilianzishwa kwa ajili ya nani? Wale wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walikuwa watu 28, na bidhaa zao za kwanza zilikuwa unga, shayiri, sukari, siagi na mishumaa. Walikuwa watu wa madebe mawili. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliokiunda chama chao kikuu mwaka 1933 walikuwa na vihamba vidogo. Neno "ushirika" lenyewe hutokana na kushiriki, yaani kuwa na fungu katika jambo. Mwenye fungu dogo ana fungu.

Baadaye kanuni ilibadilishwa, na ghala likaagizwa kupokea kuanzia kilo moja. Mzani mdogo ulinunuliwa. Mama yule alirudi katika msimu wa nne, baada ya kuendewa na wanawake wenzake. Wanaume tulikuwa tumekwenda mara mbili bila kufaulu.

Twasema haya kwa sababu jambo lile linarudi kwa vazi jingine. Katika mikutano ya vyama vyetu vya msingi limesikika pendekezo kwamba kila mwanachama aliyeleta chini ya kilo 100 kwa misimu miwili mfululizo afutwe katika daftari. Wenye pendekezo hilo si watu wabaya. Husema, na ni kweli, kwamba wapo wanaochukua mbolea ya mkopo kwa jina la chama, kisha huuza mazao yao usiku kwa walanguzi, na deni hubaki juu ya migongo ya wenzao. Mtu wa namna hiyo ni mtoro, na kanuni zetu zinatosha kumshughulikia. Lakini kilo mia moja haziwezi kutuambia ni nani mtoro na ni nani aliyenyimwa mvua, au aliyeugua, au aliyefiwa na mwenziwe. Daftari litawafuta wote kwa kalamu moja. Na katika orodha hiyo, mtoro mwenye ekari kumi hatakuwamo, kwa sababu ataleta magunia mawili ya kujifichia. Atakayekuwamo ni yule mama.

Hammurabi hakuwa mwanaushirika. Alikuwa mfalme mwenye watumwa. Lakini hata yeye alijua kumtenganisha mkulima aliyekataa kulipa na mkulima ambaye mbingu zilimnyima. Je, sisi tulio wanachama sawa, kila mmoja na kura yake moja, tushindwe na mfalme wa watumwa?

Basi ushauri wetu ni huu. Kwanza, mtoro achunguzwe kwa ushahidi wa deni na mauzo, si kwa uchache wa kilo. Pili, mwanachama aliyeharibikiwa na mazao akaguliwe na kamati ya chama chake cha msingi, na deni lake lisogezwe msimu mmoja. Na ili mzigo huo usikiangushe chama, tuanze mfuko wa akiba wa msimu mbaya, kwa makato madogo yatakayopitishwa na Mkutano Mkuu wenyewe. Tatu, kila ghala liweke mizani yake mahali ambapo muuzaji aweza kusoma mwenyewe, na asiyejua kusoma asomewe na mtu aliyemchagua yeye. Nne, makarani wetu wakatazwe kulitumia neno "maskini" mbele ya mwanachama. Si kwa sababu neno ni baya. Ni kwa sababu mahali hapa hakuna wa kumwinamia.

Twajua vyama vya ushirika vimewahi kufa. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Miongoni mwa sababu zilizotajwa zilikuwa wizi, madeni na uendeshaji mbovu. Yote hayo yalikuwapo. Lakini chama hakianzi kufa siku mhazini anapoiba. Huanza kufa siku mwanachama anapoona ni chama cha wengine. Baada ya hapo hana tena haja ya kuuliza hesabu, na asiyeulizwa hesabu huiba.

Tumesema kwamba umaskini una majina matatu. Upo umaskini wa kuzaa kidogo: huo twapigana nao kwa mbegu, mbolea na bwana shamba. Upo umaskini wa kuinama: huo twapigana nao kwa kura, kwa mizani ya wazi, na kwa hesabu zinazosomwa mbele ya wote. Na upo umaskini wa ukiwa, nao ndio mkongwe kwetu, na dawa yake ni kwamba mtu akikosekana ghalani msimu mmoja, wenzake waende kwake kuuliza kulikoni. Dawa hii haina gharama, nayo ndiyo tuliyoisahau mara nyingi kuliko zote katika miaka hii kumi.

Twawashukuru wazee walioanzisha chama hiki, na wale miongoni mwao ambao hawakuiona siku ya leo. Na baada ya chakula, mzani mdogo tuliousema umewekwa mlangoni pa ghala. Kila mwanachama anakaribishwa kuupima yeye mwenyewe kwa mawe ya serikali, ahakikishe kwamba unasema kweli.